Ziwa Lisilopwa

Somoe hakuniuliza habari za ndege,
wala baridi, wala nilikula nini.
Alilipokea begi mlangoni, hapa Mikindani,
akalipima kwa mkono mmoja kama mnunuzi wa korosho,
akasema: Haya, lile ziwa la China. Linapwa?

Halipwi, dada.

Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Nikaanza upya. Kozi ilikuwa imekwisha,
zimebaki siku nne za likizo, wenzangu wakaenda madukani,
mimi nikapanda treni hadi mji wa kale
ambao jina lake hupanda mwishoni kama swali.
Kila nilipolitamka, mkata tiketi
alinirudishia limepigwa pasi.

Maji yalifika kwenye kizingiti cha nyumba
yakakaa. Asubuhi hapo, jioni hapo.
Ngazi za mawe zimelika katikati
kwa nyayo za watu walioshuka kuosha mboga
miaka mia nne, kibao kilisema, na mimi ni nani nibishe.
Ngazi ya mwisho mama mmoja amechuchumaa,
anaosha figili,
na mgongo wake ulikuwa wako
ukiparua magamba ya changu mlango wa nyuma.

Usinifananishe na watu wasionijua, akasema Somoe.
Lakini alikwisha kuvuta kigoda.

Nikamwambia mapaa yao yamekunja ncha
kama pembe za mkeka uliosahauliwa juani.
Nikamwambia daraja lao lina kibyongo.
Na ukuta mmoja, dada, una ufa,
ndani ya ufa umeota mtini mwitu,
sawasawa na nyumba ya marehemu Fakihi hapo nyuma
ambayo hakuna anayeijenga wala kuibomoa;
ila kule watu wamepanga foleni na tiketi mkononi.

Tiketi? Ya kutazama ufa?

Yuani arobaini.

Alicheka, akajipiga goti, ming'oko ikaviringika sakafuni.
Kumbe miaka yote hii tumekalia mali!

Sikumwambia mara moja habari za usiku wa pili.
Nilingoja akusanye ming'oko, aipulize vumbi.
Kisha nikasema: sikulala.
Maji yametulia chini ya dirisha
kama mgeni asiyesema anaondoka lini,
taa nyekundu zimelala juu yake, hazitikisiki,
nzuri, naapa, nzuri hata macho yaliuma.
Na mimi masikio yamesimama, nangoja.
Nangoja nini? Nangoja yatoke.
Nangoja tope linuke, kaa waanze kugongagonga,
wanawake washuke na ndoo kuchokoa chaza
huku wakisengenya mawifi.
Hayakutoka.
Nililia kidogo, dada. Kwa kukosa tope.

Hakusema kitu. Alifungua begi langu
bila ruhusa, kama tulivyokuwa watoto,
akakuta leso, ndani ya leso shati, ndani ya shati bakuli:
jeupe, samaki wa buluu amejizungusha tumboni.
Ukingo umemeguka. Pengo la ukubwa wa ukucha.

Nikaanza kuwalaani wapakuzi wa mizigo.

Yeye akainuka nalo, akatoka nyuma
hadi ukuta wa kisima, palipopachikwa kile kigae
tulichokikuta tulipozaliwa, naye bibi alikikuta,
buluu iliyofifia, nusu ya ua, au nusu ya mkia,
tuligombana utotoni ni kipi.
Akaliweka bakuli kando yake, shavu kwa shavu.
Mkia, akasema. Nilikwambia.
Kisha, akipapasa pengo kwa kidole gumba:
Hata huyu wa kwanza hakufika mzima.

Akaliosha. Akatia ming'oko na chumvi pembeni,
akaligeuza, pengo likawa upande wake.
Tukala. Nje maji yalikuwa yakitoka,
na ile harufu ikaingia bila hodi.
Somoe akauliza, mdomo umejaa:
Ule ufa wa Fakihi,
tuanze na shilingi ngapi?